Ile nyota inayowaka rangi-rangi ni ipi? Sirius, Canopus, Zuhura na wenzake kwa anayeanza akiwa Uganda

Kila ikifika Desemba na Januari swali linakuwa lilelile: kuna kitu kinawaka upande wa mashariki usiku, mara chekundu, mara kijani, mara bluu, na hakiondoki, ni nini? Askari wa usiku hapa mtaani kwetu ana jibu lake tayari. "Bosi, ile droni imerudi tena, jana pia saa mbili ilikuwa palepale." Nikamwambia afande ile ni nyota bana, inaitwa Sirius, na ikishapanda juu hizo rangi zitapungua, utaona. Akaguna tu. Na si yeye peke yake, hata watu wenye digrii zao wanapiga picha wanatuma kwenye grupu za WhatsApp wakiuliza kama ni satelaiti ya kutupeleleza.

Ukiingia kwenye intaneti kutafuta msaada unakuta maelezo mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanakwambia anza na Nyota ya Kaskazini alafu uhesabu kutoka hapo. Huku kwetu hiyo haikusaidii kitu. Kampala iko kama digrii 0.3 tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo hiyo Nyota ya Kaskazini imelala kwenye upeo kabisa, nyuma ya miti na moshi na mabati ya watu, hata ukienda Kidepo ambako unakaribia digrii 4 bado ni kazi. Lakini tuna faida ambayo wao hawana, huku nyota zinapanda wima kutoka mashariki, kila moja kwenye njia yake. Na kama ilivyo popote duniani, kimo inachofikia nyota ikiwa juu kabisa hakibadiliki mwaka mzima. Ndo maana mimi naamua kwa upande na kimo kwanza, mwezi na saa pili, rangi na kumeta mwisho kabisa. Wengi wanafanya kinyume na ndo wanapopotelea, sababu rangi na kumeta vinategemea hewa ya usiku huo kuliko nyota yenyewe.

Kipimo unacho mkononi. Nyosha mkono mbele yako, kunja ngumi, upana wa ngumi ni kama digrii 10. Kutoka upeo wa macho mpaka juu ya kichwa ni ngumi tisa.

Kwanza, ni nyota au ni sayari?

Utasikia kila mahali kwamba nyota inameta na sayari haimeti. Ni kweli nusu. Nyota iko mbali mno mpaka inaonekana nukta tu hata kwenye darubini nzuri, kwa hiyo mwanga wake mwembamba ukipita kwenye hewa yetu unayumbishwa, kama unavyoona ukuta wa jirani ukitetemeka ukiuangalia kupitia joto la juu ya sigiri. Sayari ina upana kidogo, sehemu moja ikififia nyingine inang'aa, jumla inatulia. Sasa shida ni kwamba kitu kikiwa chini karibu na upeo mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi sana, hata sayari kama Mshtarii (Jupiter) atameta kidogo akiwa chini hivyo. Subiri hicho kitu kipande juu mpaka ngumi tatu hivi ndo uhukumu.

Njia yenye uhakika zaidi ni hii, na inafanya kazi vizuri kwetu kuliko huko kwao: sayari zote zinatembea kwenye ukanda mmoja, uleule wa jua na mwezi. Kwa mtu aliye Uganda ukanda huo unapita karibu na utosi, hautoki zaidi ya kama ngumi mbili na nusu kaskazini au kusini yake, na mashariki sayari zinachomoza ndani ya hizohizo ngumi mbili na nusu kulia au kushoto ya mashariki kamili. Kwa hiyo ukiona kitu kinang'aa sana upande wa kusini kabisa, au kaskazini kabisa, hicho hakiwezi kuwa Zuhura (Venus) wala Mshtarii wala Mirihi (Mars). Umeshawaondoa watatu bila hata kushika simu.

Wakiwa kwenye huo ukanda, linganisha hivi. Zuhura ndo rahisi, inang'aa kuliko kitu chochote cha usiku ukiacha mwezi, nyeupe, imetulia, na haiachani na jua zaidi ya digrii 47. Maana yake utaiona magharibi baada ya jua kuzama au mashariki kabla ya kuchomoza, basi. Saa tano usiku kitu bado kiko juu? Si Zuhura, funga mjadala. Mshtarii anaweza kukesha usiku mzima, ana weupe wenye unjano kidogo, na huyu ndiye anayechanganywa sana na Sirius sababu wote ni wakali. Mshtarii anaizidi Sirius kwa mwanga (wataalamu wanapima kwa namba, namba ikiwa ndogo mwanga ni mkubwa, Mshtarii anacheza kati ya -1.6 na -2.9, Sirius ni -1.46) ila kwa macho usitegemee hilo, angalia tabia. Mshtarii anahama, Januari hii yuko hapa, Januari ijayo kasogea ngumi tatu hivi mashariki katikati ya nyota nyingine. Sirius kila Januari iko palepale. Na ukiwa na binokula, hata ya bei ya chini, Mshtarii anaonyesha vinukta pembeni yake, miezi yake minne mikubwa ileile Galileo aliyoiona mwaka 1610. Sirius kwenye binokula inabaki nukta inayorukaruka.

Sirius au Canopus?

Hapa nitakaa sana sababu ndo swali lenyewe la msimu wa Desemba mpaka Aprili. Hizi ni nyota mbili zinazong'aa kuliko zote usiku, namba moja na namba mbili, na ziko juu kwa pamoja, na mtu wa London hawezi kukusaidia maana Canopus kule haionekani kabisa, lazima uwe chini ya digrii 37 hivi kaskazini ndo uanze kuiona ikichungulia. Sisi tunaiona vizuri tu, inafika ngumi karibu nne juu ya upeo wa kusini. Mabaharia wa pwani waliijua kwa jina la Suheli.

Sirius inachomoza mashariki, kama ngumi moja na nusu hadi mbili kulia kwa mashariki kamili, inapanda mpaka ngumi saba na kidogo, yaani ukiiangalia ikiwa juu kabisa lazima shingo iinuke vizuri. Canopus inachomoza kusini-mashariki, ngumi tano kulia kwa mashariki, na cha ajabu ni kwamba kwetu inatangulia, inatoka kama dakika 20 kabla ya Sirius. Kwa hiyo mtu akikaa nje Januari mosi jioni, Canopus ndo ya kwanza kutoka, alafu Sirius inafuata karibu saa moja jioni. Ila hutaziona hapohapo sababu bado kuna mwanga na ziko chini, ikifika saa mbili ndo Sirius inaanza hiyo sarakasi yake ya rangi. Mwisho wa Februari saa tatu usiku inakuwa imefika juu kabisa, na hapo utaona ni nyeupe safi yenye ubluu, imetulia kiasi, mpaka mtu anakwambia si ileile. Ni ileile.

Njia ya kuithibitisha Sirius bila kipimo: tafuta Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu wanaliita Orion. Zile nyota tatu zimejipanga kwenye mstari, mkanda wake, kila mtu anazijua hata kama hajui jina. Kwa Uganda huo mkanda unapita karibu juu ya kichwa kabisa. Fuata mstari wa zile tatu kuelekea kusini-mashariki, ngumi mbili na kidogo, kitu kikali utakachokigonga ni Sirius. Ukifuata upande wa pili unapata Aldebaran, ya rangi ya chungwa, na mbele yake kidogo Kilimia, kile kishada cha nyota ndogondogo. Jabari mwenyewe ana nyekundu yake, Betelgeuse, upande wa kaskazini wa mkanda, na ya bluu-nyeupe, Rigel, upande wa kusini. Hiyo Betelgeuse mwishoni mwa 2019 mpaka Februari 2020 ilififia hadi watu wakaanza kusema inalipuka, ikarudi kawaida.

Canopus haina mkanda wa kukuelekeza. Unaijua kwa upweke wake, iko kusini peke yake, hakuna jirani mkali karibu, na rangi yake ni nyeupe inayoelekea unjano kidogo. Mwanga wake unaofika machoni ni kama nusu ya Sirius. Lakini hapo macho yanadanganya sana, Sirius iko miaka ya nuru 8.6 tu (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri mwaka mzima), ni majirani, Canopus iko kama 310 na bado inashindana nayo. Ukiziweka umbali sawa Sirius utaisahau. Na vyombo vya angani vimetumia sana Canopus kujua vinatazama wapi, Mariner 4 iliyorushwa 1964 kwenda Mirihi ilikuwa na kifaa cha kuifuata hiyo nyota tu.

Kama uko Entebbe au Kalangala huna shida, kusini ni ziwa, upeo uko wazi mpaka chini. Kisoro mjini, mlima Muhabura uko kusini kwenu, utakula kama ngumi moja ya chini, subirini Canopus ipande. Watu wa Arua, Gulu na Karamoja, kwenu inafika juu chini kidogo kuliko Kampala, na miezi hiyo nyasi zinachomwa, moshi na vumbi vinaifanya Canopus ikiwa chini ionekane nyekundu iliyochoka. Usiiite Mirihi. Mirihi haendi kusini hivyo.

Ukiniuliza uanze na ipi, mimi nasema Sirius kwa sababu Jabari anakushika mkono, alafu usiku huohuo geuka kusini uikamate Canopus. Dakika kumi umemaliza namba moja na namba mbili.

Kaskazini

Huku ni haraka. Novemba na Desemba kuna kitu kinametameta kaskazini-mashariki chini, kina unjano, hicho ni Capella, inafika ngumi nne na nusu juu ya upeo wa kaskazini. Agosti na Septemba kaskazini kuna nyingine nyeupe yenye ubluu, ngumi tano, hiyo ni Vega. Hazionekani pamoja vizuri, moja ikiwa juu nyingine imezama au ndo inatoka, kwa hiyo mwezi wa mwaka peke yake unakupa jibu.

Katikati ya mwaka

Juni mpaka Agosti ni kiangazi kwa Kampala, Masaka, Mbarara na huko chini, anga inakuaga nzuri. Kwa kaskazini samahani, Julai na Agosti bado mnanyeshewa, msimu wenu mzuri ni ule wa Desemba. Sirius mwanzoni mwa Juni inazama karibu saa tatu usiku, alafu mwishoni mwa Juni inapotea kwenye mwanga wa jua mpaka katikati ya Julai hivi inaporudi mashariki kabla jua halijachomoza.

Mwisho wa Juni saa tatu usiku, simama uangalie kusini. Utaona mbili kali zimekaa karibu, ukinyoosha mkono vidole vitatu hivi vinaziba nafasi iliyo katikati yao, ziko ngumi tatu juu ya upeo. Ya kushoto yenye unjano ni Alfa Centauri, ya kulia yenye ubluu ni Beta Centauri. Hapa ndo napenda kuwaonyesha watu, sababu ziko pamoja kwa macho tu. Alfa iko miaka ya nuru 4.4, hakuna nyota inayoonekana kwa macho matupu iliyo karibu zaidi ukiacha jua, na Beta iko karibu 400. Chora mstari kutoka Alfa kupita Beta uendelee, unafika kwenye Msalaba wa Kusini. Watu wengi wanachukua msalaba mwingine mkubwa ulio kulia zaidi wakidhani ndo wenyewe, ule ni wa bandia, mkubwa zaidi na hauna hizi mbili za kuuelekezea. Wa kweli ni mdogo, unaingia wote ndani ya ngumi moja.

Sasa geuka kaskazini saa hiyohiyo, kichwa juu, ngumi saba: kuna moja ya chungwa, kali, peke yake. Hiyo ni Arcturus, na hii ndo inayochanganywa na Mirihi na Mshtarii, sababu nayo inapita ndani ya zile ngumi mbili na nusu kutoka utosini. Tofauti ni ya kusubiri, Mirihi ndani ya wiki mbili tatu utamwona kasogea kati ya nyota, Arcturus haiendi popote. Nyingine inayofanana na Mirihi ni Antares, nyekundu, katikati ya kundi la nyota linaloitwa Nge, inafika juu kabisa mwisho wa Julai saa tatu. Hii mbaya zaidi kwa sababu Mirihi anapita karibu nayo kabisa miaka mingine, unakuta nyekundu mbili pamoja. Angalia mkia: Antares ina mkia wa Nge umejikunja nyuma yake, ukishauona mara moja huwezi kuukosa tena. Na Mirihi hang'ai sana kila mwaka, anarudi kwa nguvu kila miezi 26 hivi, ilikuwa Januari 2025, inayofuata ni Februari 2027.

Vile ambavyo si nyota kabisa

Ukiwa ufukweni mwa Victoria, mstari wa taa chini kabisa kwenye maji ni wavuvi wa mukene, wanawasha taa usiku wa giza kuvuta dagaa, na mwezi ukiwa mpevu wengi hawatoki. Hizo hazipandi. Ndege inayokuja Entebbe ikikuelekea uso kwa uso taa yake inakaa palepale dakika kadhaa kama Zuhura, alafu ghafla inageuka unaona taa zake za kuwakawaka. Kituo cha anga cha kimataifa kinapita kikiwa na mwanga mkali, hakimeti, kinavuka anga kwa dakika chache na kinaweza kuzimika katikati kikiingia kwenye kivuli cha dunia. Na anayeuliza kuhusu satelaiti yetu, PearlAfricaSat-1 iliyorushwa Novemba 2022, ile ilikuwa na ukubwa wa sentimita 10 kila upande. Huwezi kuiona kwa macho hata kwa dawa.

Simu, chati ya karatasi au binokula?

Simu inashinda kwa anayeanza, na sioni haja ya kubishana. Sky Map ni ya bure, ni nyepesi, haihitaji bando ukishaipakua. Stellarium ni nzuri zaidi kwa picha na kwa kupeleka saa mbele au nyuma, unaweza kuangalia mchana usiku utakuwaje, na kwenye kompyuta ni bure. Udhaifu wa zote ni dira ya simu. Ukisimama karibu na geti la chuma, gari, ukuta wa mabati, au kava la simu lina sumaku, programu itakuonyesha Sirius upande ambao iko Canopus na wewe utaamini. Toa kava, sogea mahali pa wazi, zungusha simu hewani ukichora namba nane, kisha uijaribu kwa mwezi: ikiuweka mwezi pale ulipo, endelea. Punguza mwanga wa skrini pia, la sivyo macho yanarudi kwenye upofu kila ukiitazama, yanahitaji kama dakika 20 kuzoea giza.

Kamera ya simu usiitumie kutambua. Ukivuta karibu sana inakosa fokasi, nyota inageuka duara la rangi linalopumua, na hizo ndo video za viumbe wa ajabu mnazotumiwa.

Chati ya karatasi ya kuzungusha ni nzuri umeme ukikatika na betri imekufa, lakini nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya digrii 40 au 50 kaskazini. Kwetu inakata sehemu kubwa ya kusini, Canopus haipo, Msalaba haupo. Kabla hujalipa angalia imeandikwa ni ya latitudo gani, kama si ya karibu na ikweta iache dukani.

Binokula, 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, lenzi ya mbele ni milimita 50), haikusaidii kujua jina la nyota, inakusaidia kukata shauri kati ya nyota na sayari, na ikishamaliza hiyo kazi inakupa Kilimia na mabonde ya mwezi. Darubini kubwa iache kwanza, ukiwa hujui Sirius iko wapi darubini inakuonyesha kipande kidogo tu cha giza na unakasirika.

Na usisubiri usiku usio na mwezi ili kuanza. Hizi kali nilizotaja zinaonekana hata mwezi ukiwa mpevu, hata katikati ya taa za Kampala, na zile ndogo zikifichwa na mwanga inakuwa rahisi zaidi maana kali ndo zinabaki peke yake. Jabari na Sirius nimewaonyesha watu wakiwa wamesimama stendi ya boda Wandegeya.